Sindano Ilishindwa au Haikufika? Mwongozo wa Kupima Dawa ya Nagana katika Damu ya Ng'ombe

Maksai aliyechomwa sindano ya kinga dhidi ya nagana mwezi mmoja uliopita amerudi na dalili zile zile: nywele zimesimama, tezi za begani zimevimba, macho yanachuruzika, na kila siku anabaki nyuma ya wenzake njiani kwenda kunywa maji. Mwenye ng'ombe anasema dawa ilikuwa feki. Muuza dawa anasema mchomaji hakuijua kazi yake. Afisa mifugo anasema vimelea vimekuwa sugu. Kila mmoja ana sababu ya kusema hivyo, na huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini hakuna aliyeshika ushahidi mkononi. Kinachofuata kwa kawaida ni sindano nyingine ya dawa ile ile, au ya dawa yoyote itakayopatikana dukani siku hiyo. Mwongozo huu unatetea njia tofauti: kabla hujamhukumu muuzaji, mchomaji au kimelea, ipime dawa iliyomo ndani ya damu ya ng'ombe mwenyewe. Damu ikitolewa siku inayofaa, ikahifadhiwa vizuri na kusomwa pamoja na kipimo cha vimelea, inaweza kutenganisha mashtaka hayo kwa namna ambayo mabishano ya zizini hayawezi.

Nitajikita kwenye dawa moja, isometamidiamu, ambayo wafugaji wengi wanaijua kwa jina la Samorin au Trypamidium: ule unga wa rangi nyekundu iliyokolea unaochanganywa na maji na kuchomwa kwenye msuli. Dawa hii inafaa kuwa mfano kwa sababu ya tabia yake. Diminazini, inayouzwa kama Berenil au Veriben, ni dawa ya kutibu: hupanda upesi kwenye damu, hufanya kazi yake, kisha hushuka. Isometamidiamu ni dawa ya kukaa. Ukimchoma ng'ombe, sehemu kubwa hubaki pale pale kwenye msuli kama akiba, nyingine hujihifadhi kwenye ini na figo, na kutoka huko hudondoka kidogo kidogo kwenye damu kwa wiki nyingi. Ndiyo maana sindano moja inaweza kumkinga kwa miezi miwili hadi minne, kutegemea wingi wa mbung'o na aina ya vimelea. Kinachomlinda ni huo mdondoko wa baadaye, wala si wingi wa siku ya kwanza, na mdondoko wenyewe ni mdogo mno: hupimwa kwa nanogramu katika mililita moja ya damu, na nanogramu ni sehemu moja ya milioni ya miligramu. Kinga ikiwa nyembamba hivyo, kosa dogo la mwanzoni linaweza kuifupisha kwa wiki kadhaa, na ng'ombe hataonyesha lolote mpaka siku atakapoumwa na mbung'o mwenye vimelea.

Tufanye hesabu, kwa sababu makosa mengi yamejificha humo. Dozi ya kinga ni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito. Maksai wa kilo 250 aliye kwenye mbung'o wengi anastahili miligramu 250. Pakiti ya gramu 1 ikichanganywa na mililita 50 za maji safi inatoa dawa ya asilimia 2, yaani miligramu 20 katika kila mililita, kwa hiyo maksai huyu anahitaji mililita 12.5. Sasa mchomaji amemtazama kwa jicho akasema ana kilo 180. Anavuta mililita 9, na dozi imeshuka hadi miligramu 0.72 kwa kilo. Tuseme pia kwamba asubuhi ile aliyechanganya dawa alitia mililita 100 za maji, na mwenye bomba hakuambiwa. Mililita zile 9 sasa zimebeba miligramu 90 tu, sawa na 0.36 kwa kilo. Ongeza hapo sindano fupi iliyoishia chini ya ngozi, au ng'ombe aliyeruka dawa ikavujia kwenye manyoya. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na unga ulikuwa halisi, lakini mnyama amepata theluthi moja na kidogo ya alichostahili. Mwezi ukipita akaugua, watu watasema vimelea ni sugu. Utepe wa kupimia kifua, ule unaosomeka kwa kilo, ungeondoa kosa la kwanza kwa dakika moja, na ni jambo la kusikitisha kwamba watu wengi wanaomiliki bomba la sindano hawamiliki utepe huo.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini basi tusipime chupa? Kama shaka ni dawa feki, peleka pakiti maabara, ujue moja. Swali hili ni la haki, na mahali ambapo pakiti yenye namba ile ile ya toleo bado ipo, ihifadhi kwenye mfuko mkavu mbali na jua. Lakini chupa inajibu swali la chupa peke yake. Haijui uzito uliokadiriwa, haijui maji yaliyozidi, haijui sindano iliyokosa msuli. Damu inakusanya yote hayo pamoja, kwa sababu inapima kile kilichomfikia mnyama baada ya mikono yote kupita. Udhaifu wake uko upande wa pili: ikikuambia dawa ni chache, haitakuambia kama kasoro ilikuwa ya kiwandani, ya dukani au ya zizini. Kwa hiyo utaratibu ninaoutetea unaanzia kwenye damu, na chupa inafuata pale tu damu inapoonyesha upungufu. Kuanza na chupa ni kupima jambo moja kati ya manne na kuyaacha matatu gizani.

Kabla hujatoa hata tone la damu, piga simu maabara. Maabara nyingi za wilaya zina darubini na mashine ya kuzungusha damu, na zinaweza kutafuta vimelea na kupima upungufu wa damu, kazi ambayo utaihitaji pia. Kupima kiwango cha dawa ni shughuli nyingine, na hufanywa na maabara chache za utafiti na za kemia. Daktari wa mifugo wa wilaya ndiye mlango wako. Mwombe aulize mambo manne: maabara inatumia njia gani, kiwango kidogo kabisa inachoweza kukiona ni kipi, inataka plazma au seramu, na ni mirija ya aina gani itumike. Swali la mwisho linaonekana dogo lakini limeharibu kazi za watu wengi. Mirija yenye ute wa kutenganisha damu, ile inayopendwa hospitalini, inaweza kunyonya baadhi ya dawa, na sampuli ikafika maabara ikiwa pungufu kuliko ilivyotoka kwenye mshipa.

Njia zenyewe ni mbili kuu. Ya kwanza ni ELISA, ambayo kwa isometamidiamu ilitengenezwa na kuboreshwa katika miaka ya 1990, na Nairobi ilikuwa miongoni mwa mahali kazi hiyo ilipofanyika, katika taasisi ya ILRAD ambayo mwaka 1994 iliunganishwa na nyingine ikawa ILRI. Katika kisahani chenye vishimo 96, kingamwili zinazoitambua dawa zimegandishwa chini ya kila kishimo. Mpimaji anatia seramu ya ng'ombe pamoja na dawa nyingine iliyofungwa na kimeng'enya cha kutoa rangi, na hizo mbili zinagombania nafasi. Seramu ikiwa na dawa nyingi, ile yenye rangi inakosa pa kushika, na kishimo kinabaki cheupe. Ikiwa haina dawa, rangi inakolea. Ukiingia chumbani wakati kisahani kinasomwa, usishangae kuona ng'ombe mwenye dawa nyingi ndiye mwenye rangi hafifu. Njia ya pili ni kromatografia ya kimiminika ikifuatwa na spektrometa ya masi: mashine inazitenganisha kemikali za sampuli kwa muda zinaochukua kupita kwenye neli nyembamba, kisha inaitambua kila moja kwa uzito wa vipande vyake. Hii ni ghali zaidi, lakini haichanganyi ndugu na ndugu. Jambo hilo lina maana hapa, kwa sababu molekuli ya isometamidiamu imejengwa kwa umbo la homidiamu, dawa ya zamani ya nagana, likiunganishwa na kipande cha diminazini. Kama ng'ombe wako amewahi kuchomwa mojawapo ya hizo hivi karibuni, sema, na uulize kama kipimo kinaweza kuzitofautisha.

Sasa chagua siku na wanyama, na hapa ndipo uamuzi wako una uzito kuliko mashine yoyote. Sampuli moja kutoka kwa ng'ombe mmoja mgonjwa ni bora kuliko kukisia, lakini ni bora kidogo tu. Ng'ombe wawili wa uzito mmoja, waliochomwa dozi moja siku moja, wanaweza kutofautiana sana katika kiwango cha dawa kwenye damu. Kwa sababu hiyo chukua wanyama wanane hadi kumi, wagonjwa na wazima, waliochomwa siku ile ile. Ukitaka jibu lenye nguvu zaidi, usiishie kwenye sindano iliyopita ambayo hakuna aliyeiandika vizuri. Panga sindano mpya kwa wanyama wazima. Nusu ya kundi wachomwe kama kawaida, na mtu yule yule, kwa kukadiria kama alivyozoea. Nusu nyingine wapimwe kwa utepe au mizani, dawa ichanganywe mbele ya shahidi, na sindano iingie ndani ya msuli wa shingo. Wote wachukuliwe damu kabla ya sindano, kisha siku ya 7, ya 30 na ya 60. Ile sampuli ya kabla ya sindano watu huiruka kwa kuiona ni upotevu, nayo ndiyo nguzo ya jengo lote: inaonyesha kama kuna masalia ya sindano ya zamani, na inaionyesha maabara damu ya ng'ombe hao hao ikiwa haina dawa inavyosomeka.

Kuna sababu nyingine ya kutotegemea damu ya mgonjwa peke yake, na msomaji makini huenda ameshaiona. Ng'ombe ameugua, damu yake ina dawa kidogo; je, ameugua kwa sababu dawa ilikuwa kidogo, au dawa imepungua kwa sababu ameugua? Pingamizi hili halipaswi kupuuzwa, kwa maana maambukizi yenyewe, hasa ya vimelea sugu, yanaweza kuharakisha kutoweka kwa isometamidiamu kwenye damu. Jibu lake liko kwenye mpango wa siku nilioueleza. Damu ya siku ya 7 imetoka kwa mnyama ambaye bado ni mzima. Kama siku hiyo kiwango cha nusu ya kwanza kiko chini sana ya kile cha nusu ya pili, ugonjwa hauwezi kulaumiwa kwa jambo lililotokea kabla haujaja. Kama siku ya 7 makundi yote mawili yalikuwa juu, kisha siku ya 30 baadhi yao wakaporomoka huku wakiwa na vimelea, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Siku ya kutoa damu, adui mkubwa ni mikono. Tone moja dogo la dawa ya asilimia 2, kama mililita 0.05, lina miligramu 1, yaani nanogramu milioni moja. Mchomaji aliyemaliza kuwachoma ng'ombe ishirini ana chembe za wekundu kwenye vidole, kwenye mikunjo ya kucha, kwenye mkono wa shati. Akishika kizibo cha mrija, na sehemu moja tu ya elfu ya tone ikaingia ndani, mrija wa mililita 5 utakuwa na nanogramu 200 katika kila mililita, wakati tunachotafuta ni chini ya nanogramu moja, au chache tu. Hakuna mashine itakayoliona kosa hilo. Itasoma namba kubwa na kuiandika kwa uaminifu. Kwa hiyo kanuni haina msamaha: anayechoma dawa hatoi damu. Sampuli za kabla ya sindano zitolewe, zifungwe na kuwekwa mbali kabla pakiti ya dawa haijafunguliwa. Mtoa damu avae glavu mpya, na meza ya mirija isiwe ile iliyochanganyiwa dawa. Damu itoke kwenye mshipa wa shingo, na kama sindano ya dawa ilipigwa shingo ya kulia, damu itoke kushoto.

Kutoa kwenyewe ni kazi ya daktari wa mifugo au msaidizi wake aliyefunzwa, lakini wewe uliyeshika kamba unaweza kuifanya iwe rahisi au ngumu. Kichwa kifungwe kwenye nguzo imara, kikiinuliwa kidogo na kugeuzwa pembeni, ili mfereji wa shingo ujionyeshe. Bonyeza kwa dole gumba sehemu ya chini ya mfereji huo, na mshipa utavimba kama mpira wa maji uliokanyagwa. Mililita kumi zinatosha na hazimdhuru ng'ombe. Usiruhusu damu ivutwe kwa nguvu wala mrija utikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi. Ugeuze polepole juu chini mara nane hivi ili heparini ichanganyike, kama plazma ndiyo iliyoombwa. Chembe nyekundu zikipasuka, maji ya damu yanakuwa mekundu badala ya rangi ya majani makavu, na kipimo kinaweza kuvurugika. Usigandishe damu nzima, maana hupasua chembe zote. Weka mirija kwenye boksi la barafu, karatasi au kitambaa kikitenganisha mirija na barafu, uifikishe kwenye mashine ya kuzungusha siku hiyo hiyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili. Plazma au seramu ikishatenganishwa, igawe kwenye vichupa viwili, kimoja cha kupimwa na kimoja cha akiba, kisha igandishwe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaharibu. Ndiyo faida ya kile kichupa cha pili.

Kila mrija uandikwe namba ya hereni, tarehe na saa, kwa wino usiofutwa na maji ya barafu. Majina ya ng'ombe yanapendeza zizini lakini hayafai maabara, kwa kuwa kila boma lina Mweusi wake na kila boma lina Madoa. Fomu inayosindikiza sampuli ieleze uzito na jinsi ulivyopatikana, jina la dawa na namba ya toleo, kiasi cha maji, mililita zilizochomwa, mahali zilipochomwa, siku zilizopita tangu sindano, na dawa nyingine yoyote aliyopewa mnyama katika miezi mitatu. Namba ya maabara bila siku ya sindano haina maana. Kukosa dawa siku ya 20 ni tatizo. Kukosa dawa siku ya 120 ni kawaida, akiba imeisha.

Majibu yakirudi, yasome pamoja na kipimo cha vimelea cha siku ile ile, kisha uone umesimama wapi. Kwa isometamidiamu, watafiti wa usugu walifikia kigezo hiki: ng'ombe akikutwa na vimelea wakati damu yake ina zaidi ya nanogramu 0.4 za dawa katika mililita, ushahidi wa usugu una uzito. Kimelea kinaogelea ndani ya dawa na hakifi. Akiwa na vimelea na dawa iko chini sana au haionekani kabisa, hujathibitisha usugu hata kidogo. Umethibitisha kwamba kimelea kilikuta mlango wazi. Ng'ombe asiye na vimelea na mwenye dawa ya kutosha anakupa faraja ya kadiri, kwa sababu darubini hukosa vimelea vikiwa vichache, na huenda pia mbung'o hawakumfikia. Namba zinazokaribia 0.4, juu au chini, zisikutie haraka: angalia kundi zima na siku zote. Kigezo hicho ni cha dawa hii tu. Usikihamishie kwenye diminazini wala oksitetrasiklini. Angalia pia vipimo vya uandishi, maana nanogramu kwa mililita na mikrogramu kwa lita ni kitu kimoja, ilhali mikrogramu kwa mililita ni mara elfu.

Kuna watakaosema yote haya ni anasa. Mfugaji wa Handeni au Kwale mwenye ng'ombe kumi na wawili hawezi kulipia mashine za kemia, na kwa bei ya sampuli chache angewachoma wote upya. Naikubali nusu ya hoja hii. Hakuna haja ya kila mfugaji kupima kila sindano, na kwa boma moja peke yake mzigo ni mkubwa. Lakini vimelea havijui mpaka wa boma. Wafugaji wanaonywesha kwenye bwawa moja na kununua dawa duka moja wana tatizo moja, na wanyama kumi waliochaguliwa vizuri wanaweza kulijibia bonde zima. Hapo ndipo ushirika, halmashauri na mradi wowote wa mifugo uliopo unapopaswa kuombwa uchangie. Nusu nyingine ya hoja siikubali, kwa sababu inadhani sindano ya kurudia ni bei yake tu. Tumebaki na dawa chache ambazo zimetumika Afrika kwa zaidi ya miaka 60, na hazijapata warithi. Kila dozi pungufu inaviacha hai vile vimelea vilivyoweza kuistahimili, ili vizaliane. Katika bonde la Ghibe, Ethiopia, watafiti walikuta vimelea vya nagana, Trypanosoma congolense, vilivyokuwa sugu kwa isometamidiamu, diminazini na homidiamu kwa pamoja, na bonde likifika hapo, bei ya sindano si jambo la kujadili tena.

Wengine watasema: basi ongeza dozi, uwe salama. Hiyo ni tiba ya kukisia kwa kukisia zaidi. Isometamidiamu ikizidi huleta uvimbe mkubwa na maumivu pale ilipochomwa, na dozi kubwa zaidi inaweza kumsumbua mnyama mzima. Nyama ya mahali hapo huharibika. Na kama kosa lilikuwa maji yaliyozidi, utaongeza mililita za dawa hafifu leo, na kesho mtu mwingine atachanganya sawasawa na kuongeza vile vile.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni kwamba damu si mwili. Ni kweli. Trypanosoma congolense huishi ndani ya mishipa, kwa hiyo damu ndiyo uwanja wenyewe wa vita. Lakini Trypanosoma brucei huingia kwenye tishu, na huko kiwango cha damu hakisemi mengi. Ukweli huo una upande mwingine unaomhusu mlaji. Mtu asichukue karatasi ya maabara yenye namba ndogo akampeleka ng'ombe machinjioni akidhani dawa imeisha. Viwango vya juu vya masalia vilivyowekwa na Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa isometamidiamu vinaonyesha jinsi dawa inavyokaa mwilini: mikrogramu 100 kwa kilo ya msuli, 500 kwa ini na 1,000 kwa figo. Damu inaweza kuwa imebakiwa na chembe tu huku figo na msuli uliochomwa vikiwa bado na akiba. Kwa nyama na maziwa, fuata siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, bila kujali damu inasema nini.

Majibu yakionyesha upungufu, anza na vitu vya bei ndogo: utepe wa uzito, chombo cha kupimia maji chenye alama, sindano ndefu ya kutosha. Kisha peleka ile pakiti uliyoihifadhi ikapimwe, na daktari awachome wanyama upya kwa dozi sahihi baada ya wagonjwa kutibiwa. Majibu yakionyesha dawa ya kutosha pamoja na vimelea, acha isometamidiamu kwa kundi hilo. Daktari atawatibu kwa diminazini, kwa kawaida miligramu 3.5 kwa kilo, au 7 pale anapoona inafaa, na vimelea vitafutwe tena kwa darubini wiki mbili baadaye na mwezi mmoja baadaye, kwa kuwa kimelea kilichoishinda dawa moja huenda kinaijua na ya pili. Wakati huo huo punguza mbung'o wenyewe kwa dawa ya deltamethrini inayomiminwa au kunyunyizwa mwilini mwa ng'ombe, na kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi kandokando ya vichaka wanapopita kwenda majini. Kichupa cha pili cha kila ng'ombe kibaki kwenye friza mpaka kipimo hicho cha mwezi kirudi. Kikija na vimelea, maabara itaanzia hapo.